Ubao wa theluji hukata kona wenyewe: ufafanuzi kwa anayeanza

Kila Olimpiki ya majira ya baridi inapofika, mbio za ubao wa theluji (snowboard) huzua swali lilelile: wanakataje kona vile? Wanariadha wawili wanashuka sambamba, miili imelala hadi mkono unakaribia kupapasa theluji, na nyuma yao unabaki mstari mwembamba uliopinda vizuri. Mtazamaji anayejifunza mchezo huu anaondoka na somo moja: ukitaka kukata kona kama wale, ulale. Anapanda mlimani, analala, anaanguka ubavu. Anajaribu tena kwa kasi zaidi, anaanguka kwa kishindo zaidi.

Somo hilo limeanzia mwisho. Mwili unaolala ni matokeo ya kona ambayo tayari inaendelea, na kinachoikata kona hiyo ni umbo la ubao. Anayeanza akielewa umbo hilo linafanya kazi gani, anaweza kukata kona yake ya kwanza safi kwenye mteremko mpole, kwa mwendo mdogo, akiwa amesimama karibu wima. Wengi hukata tamaa katika hatua hii wakidhani wamekosa ujasiri, kumbe hawajaelezwa tu jinsi chombo walichokanyaga kinavyofanya kazi.

Tuanze na majina. Ubao una pua mbele na mkia nyuma. Pande zake mbili ndefu zimewekewa utepe mwembamba wa chuma, na utepe huo ndio makali. Kwa kuwa mtu husimama kiubavu, upande mmoja uko chini ya vidole vya miguu yote miwili na wa pili uko chini ya visigino. Kwa hiyo tutasema makali ya vidole na makali ya visigino. Mguu wa mbele ni ule ulio karibu na pua. Kwa wengine ni wa kushoto, kwa wengine wa kulia, na hakuna ulio sahihi kuliko mwingine. Mstari wa mteremko ni njia ambayo maji yangefuata kama yangemwagwa hapo uliposimama. Kona moja inaanza ukiwa unaukata mlima, yaani unakwenda kando badala ya kushuka moja kwa moja, kuelekea upande mmoja, inapita kwenye mstari wa mteremko, na inaishia ukiwa unaukata mlima kuelekea upande wa pili.

Kona hiyo inaweza kupatikana kwa namna mbili. Ya kwanza, ambayo karibu kila mtu hujifunza mwanzo, ni kona ya kuburuza. Mtu anauzungusha ubao kwa miguu na mwili, mkia unaserereka kwenda nje, na ubao unasafiri nusu mbele, nusu kiubavu. Theluji inakwanguliwa na kurushwa, na mwendo unapungua. Ya pili ni kona ya makali. Ubao umeinamishwa upande mmoja, makali yamezama kwenye theluji, na kila sehemu ya makali inapita katika mfereji uleule uliofunguliwa na sehemu iliyo mbele yake. Fikiria kisu juu ya siagi. Ukikilaza na kukisukuma kiubavu, kinakwangua na kupaka. Ukikisimamisha na kukivuta kwa urefu wake, kinaacha mkato mmoja.

Lakini kisu kilichonyooka hukata mstari ulionyooka. Ubao wa theluji hukata duara kwa sababu pande zake hazikunyooka. Utazame kutoka juu: ni mpana kwenye pua na kwenye mkia, mwembamba katikati, kana kwamba pande zote mbili zimemegwa kidogo. Mmego huo ni kipande cha duara kubwa. Kwenye ubao wa matumizi ya kawaida, duara hilo likikamilishwa huwa na nusukipenyo cha takriban mita 7 au 8. Ubao wa mbio huwa na zaidi ya mita 10, maana umetengenezwa kwa kasi kubwa na kona ndefu.

Kuna jaribio dogo ambalo ningemshauri kila anayeanza alifanye kabla hata ya kufika kwenye theluji. Usimamishe ubao kwa upande wake juu ya zulia, kisha uuinamishe kiasi. Utaona pua na mkia vinagusa chini, na katikati kuna uwazi. Sasa bonyeza katikati kwa mikono. Ubao unapinda, uwazi unafungika, na makali yote yanagusa zulia kwa umbo la upinde. Mlimani, uzito wako ndio unaofanya kazi ya mikono hiyo. Ukiuinamisha ubao na kusimama imara juu yake, unageuka upinde. Na upinde ukisogea mbele kwa urefu wake hauna njia nyingine ila kulifuata duara lake.

Kadiri unavyouinamisha zaidi ndivyo unavyopinda zaidi na duara linavyobana. Kwenye theluji ngumu, hesabu yake inakadirika vizuri: ubao wenye mmego wa mita 8 ukiinamishwa digrii 10, unakata duara lenye nusukipenyo cha karibu mita 7.9. Kwa digrii 30 ni mita 6.9, kwa digrii 45 ni mita 5.7, na kwa digrii 60 ni mita 4. Katika hesabu hiyo yote hakuna mahali ambapo mguu wa nyuma umesukuma mkia wala bega limezungushwa. Unachokiamua wewe ni digrii za kuinamisha; kona inaletwa na ubao.

Ndiyo maana kona hizi zilichelewa kuzaliwa. Mwaka 1965 Sherman Poppen, wa Muskegon katika jimbo la Michigan nchini Marekani, aliunganisha ski mbili (mbao nyembamba za kutelezea zinazovaliwa moja kwa kila mguu) na kupata chombo kilichoitwa Snurfer, chenye kamba kwenye pua ya kushikilia. Hakikuwa na makali ya chuma wala vifungo vya miguu, na mtu asiyefungwa kwenye ubao hana namna ya kuuinamisha kwa nguvu. Ilibidi chuma na vifungo vipatikane kwanza. Kufikia Nagano mwaka 1998, mchezo huu ulipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, mbio za kukata kona zilikuwa miongoni mwa mashindano yake mawili. Kanuni ya mmego haiishii kwenye ubao. Ski nazo zinaifuata. Huko PyeongChang mwaka 2018, Ester Ledecká wa Jamhuri ya Cheki alishinda dhahabu ya ski na dhahabu ya ubao katika Olimpiki moja, na mwili wake ulikuwa unatumia kanuni ileile kwenye vyombo viwili.

Turudi sasa kwenye kulala, kwa sababu hapa ndipo mkanganyiko ulipo mzito. Mtu anayezunguka duara husukumwa kwenda nje, na anaegemea ndani ili asianguke. Kiasi cha kuegemea kinaamuliwa na mambo mawili tu: mwendo, na ukubwa wa duara. Tuchukue ubao wetu wa mita 8 ulioinamishwa digrii 30. Anayeupanda kwa kilomita 18 kwa saa anahitaji kuegemea takriban digrii 20 ili awe na usawa. Akiegemea digrii 45 kwa mwendo huo, hakuna kitu cha kumshikilia, ataanguka ndani ya kona kama mti uliokatwa. Mwanariadha analala kwa sababu mwendo wake umemruhusu. Kwa ubao huohuo ukiinamishwa digrii 45, mtu anafikia kuegemea digrii 45 akiwa na karibu kilomita 27 kwa saa, na hapo miguu yake inabeba takriban mara 1.4 ya uzito wake wa kawaida. Mwenye kilo 60 anahisi kama ana kilo 85. Magoti yaliyonyooka hayawezi kupokea mzigo huo.

Msomaji makini ameona pengo: ubao umeinama digrii 30, mwili digrii 20. Digrii 10 zilizobaki zinatoka wapi? Zinatoka kwenye vifundo vya miguu, magoti na nyonga. Anayeanza anapaswa kuinamisha ubao zaidi ya anavyoinamisha mwili, kwa kukunja viungo vya chini huku kifua na kichwa vikibaki vimetulia juu ya ubao. Kwenye makali ya vidole hii ina maana ya kubana miundi kwenye ulimi wa kiatu na kusogeza magoti na nyonga kuelekea mlima. Kwenye makali ya visigino ina maana ya kukaa kidogo, vidole vikivutwa juu ndani ya viatu. Mwendo ukiongezeka, mwili wote utaanza kuegemea wenyewe, bila kulazimishwa.

Kuna dhana nyingine ambayo inaweza kumuumiza mtu, nayo ni kwamba kona ya makali inapunguza kasi kama kona ya kuburuza. Haipunguzi hivyo. Makali yanayopita kwenye mfereji mwembamba yana msuguano mdogo sana, na ukishuka kwenye mstari wa mteremko huku umeshika makali, utaongeza kasi kuliko ulivyozoea. Breki ya kona ya makali ni umbo lake: unaiacha iendelee hadi ubao uukate mlima kabisa, au hata upande kidogo kuelekea juu, ndipo unaanza kona nyingine. Wanaokatiza kona mapema hujikuta kona ya tatu ina kasi wasiyoiweza. Kwa sababu hiyohiyo, kona ya kuburuza haipaswi kudharauliwa. Ndiyo inayosimamisha ubao ghafla mtu akitokea mbele yako, na ndiyo inayokupitisha kwenye mteremko mkali au njia nyembamba. Asiyeweza kuburuza pande zote mbili na kusimama anapotaka, hajafika wakati wa kujifunza makali.

Kwa anayeweza, mahali pa kujifunzia ni mteremko mpana na mpole, wa alama ya kijani au buluu, uliosawazishwa na mashine usiku uliopita. Uende asubuhi, theluji ikiwa bado imara na watu wachache. Theluji laini ya kina kirefu haifai kwa somo hili kwa sababu makali hayapati kitu kigumu cha kukata, na barafu tupu haifai kwa sababu kila kosa linaadhibiwa papo hapo.

Usianze na kona nzima. Anza kwa kuukata mlima tu: elekeza ubao kando, ukiteremka kidogo, egemeza makali ya vidole yaliyo upande wa juu na usifanye kingine chochote. Usizungushe, usisukume. Ubao utaanza kupinda wenyewe kuelekea juu hadi usimame. Geuka utazame alama yako. Ikiwa ni mstari mmoja mwembamba, umeshakata. Ikiwa ni utepe mpana uliokwanguliwa, uliburuza. Rudia kwa makali ya visigino. Kisha, kila mara, elekeza pua chini zaidi kidogo kabla ya kuinamisha ubao, mpaka uwe unaanzia karibu na mstari wa mteremko wenyewe na kuchora nusu ya kona. Wengi wataona kazi hii inachosha. Mimi naona ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote, maana inaufundisha mwili kungoja. Mtu aliyezoea kuburuza anataka kona ianze sasa hivi; kona ya makali inaanza polepole, na mkono au mguu unaoingilia katika ile sekunde ya mwanzo ndio unaoiharibu.

Kuunganisha kona mbili ndiko kunakoogopwa. Tuseme unaukata mlima kwa makali ya vidole, yaliyo upande wa juu. Ili kona inayofuata ianze, unatakiwa kuhamia makali ya visigino, ambayo kwa wakati huo yako upande wa chini. Kila aliyewahi kujifunza mchezo huu anayajua makali ya upande wa chini: ndiyo yaliyomnasa na kumbwaga chini kabla hajajua kilichotokea. Mwili unakumbuka na unakataa. Lakini angalia yalinasa lini. Yalinasa ubao ukiwa unaserereka kiubavu, hivyo makali yalikutana na theluji kama kizingiti. Ubao unaosafiri kwa urefu wake hauna kizingiti mbele yake; makali ya chini yakigusa theluji yanaanza kukata tu. Hatari inaletwa na kuserereka. Kwa hiyo kabla ya kubadili makali, hakikisha ubao unakwenda kule pua inakoelekea. Kisha ulaze bapa kwa muda mfupi, uhamishie uzito kidogo mguu wa mbele, uanze kuinamisha kwa mguu huo, na wa nyuma ufuate. Tazama kule unakotaka kona iishie, si kwenye pua.

Uzito wenyewe ni suala la kiasi. Hofu humfanya mtu aegemee nyuma, mbali na mteremko, na hapo pua inakosa mgandamizo wa kufungua mfereji. Matokeo yake mguu wa nyuma unatumika kama usukani, unapiga mkia huku na kule. Uzito uwe katikati, ukisogea mbele kidogo kona inapoanza na kurudi katikati inapoendelea. Mwishoni unaweza kuelekea nyuma kwa kiasi kisichoonekana na mtu mwingine.

Upande wa visigino utakuwa mgumu zaidi kwa wengi, na kuna sababu ya kimaumbile. Kwenye vidole, kifundo cha mguu kinaweza kukunjika na kurekebisha mambo madogo haraka. Kwenye visigino, kiatu na egemeo la nyuma la kifungo vinakishikilia, na marekebisho yanabaki kwa magoti na nyonga. Anayenyoosha magoti na kuinama kiunoni, makalio nje na kifua chini, anahisi ubao ukirukaruka chini yake kwa mpigo wa haraka. Makali yanashika, yanaachia, yanashika tena. Dawa ni kukunja magoti zaidi, kuinua kifua, na kulielekeza goti la mbele kidogo upande kona inakokwenda. Ubao uliopigwa na muda nao huchangia. Makali yaliyobutuka hayatashika theluji ngumu, hata mbinu iwe nzuri namna gani, na kuyanoa ni kazi ndogo.

Hakuna haja ya ubao maalumu wala viatu vigumu vya mbio. Ubao wa kawaida unatosha kabisa, ila ukague jambo moja: viatu visichomoze sana nje ya makali. Ubao ukiinama, ncha ya kiatu kinachochomoza hugusa theluji, inauinua ubao, na makali yanaachia ghafla. Mwenye miguu mikubwa anahitaji ubao mpana zaidi. Kofia ngumu ni lazima kwa maoni yangu, na vikinga vya vifundo vya mkono vinastahili pesa yake, kwa sababu kifundo cha mkono ndicho anayeanza huumia zaidi kwa kujizuia na kiganja anapoanguka. Kunja ngumi na upokee anguko kwa mikono yote hadi kwenye viwiko.

Kona ya makali pia inatumia upana mkubwa wa mteremko, na inaweza kumalizikia kwa kupanda juu, jambo ambalo anayekuja nyuma hatalitegemea. Kanuni za mwenendo za FIS, shirikisho la kimataifa la ski na ubao wa theluji, zinamtaka anayetoka nyuma achague njia isiyomhatarisha aliye mbele, lakini zinamtaka pia anayeanza kushuka au anayeelekea juu aangalie juu na chini kwanza. Kwa mpanda ubao hili lina uzito wa pekee: kwenye kona ya visigino mgongo umeelekea ndani ya kona, na sehemu nzima ya mlima haionekani. Geuza kichwa kabla ya kubadili makali.

Ukishaanza kuunganisha kona, simama pembeni kila baada ya chache uzisome alama zako, maana zinasema kwa usahihi kuliko hisia. Utepe mpana kati ya kona mbili, mahali ubao ulipolala bapa, ni wa kawaida. Mstari ulio mpana mwanzoni mwa kona na mwembamba mwishoni unaonyesha mguu wa nyuma uliusukuma ubao kabla makali hayajashika, ngoja zaidi. Ulio mwembamba mwanzoni na kupanuka mwishoni unaonyesha mzigo ulikuzidi pale nguvu ilipokuwa kubwa, mara nyingi kwa sababu magoti yalinyooka au uzito ulikimbilia mkiani. Shuka kwa magoti, au chagua mteremko mpole zaidi kwa muda. Alama za nukta nukta upande wa visigino ni ule mrukoruko tuliousema. Na ukiona mistari miwili iliyo safi ikifuatana, ya vidole na ya visigino, rudi kwenye mteremko uleule urudie kwa mwendo uleule kabla hujatafuta mlima mkali zaidi.